Mijusi wa Ng'ambo ya Mkondo

Ukishaipita Nungwi, boti huanza kucheza. Wanaoijua njia hii hawangoji kuambiwa. Akina mama hutandika khanga sakafuni wakajilaza, vijana wa boti hupita wakigawa mifuko ya kutapikia, na soga zilizopamba moto tangu bandarini Malindi hukatika moja baada ya nyingine. Bi mkubwa niliyekaa naye, mwenye kapu la mikate ya ufuta miguuni, alinishauri nitazame mbali, nisiyatazame maji. Lakini mimi maji ndiyo niliyotaka kuyaona. Rangi yake ilikuwa imekwisha kugeuka, kutoka kijani cha ufukweni hadi buluu nzito inayokaribia weusi. Hapo ndipo sakafu ya bahari inapokatika ghafla.

"Unakwenda kwa nani Pemba, mwanangu?"

"Sina mwenyeji, bibi. Nakwenda kutazama mijusi."

Alinikazia macho, labda akidhani ni kichefuchefu kinachosema. "Mijusi! Kwani Unguja wamekwisha?"

Lilikuwa swali zuri kuliko alivyokusudia. Unguja mijusi wamejaa tele, ukutani, miembeni, maweni. Ila karibu kila utakayemkuta Unguja utamkuta pia Bagamoyo, Pangani au Dar es Salaam. Pemba wako ambao hawapatikani kwingine popote duniani. Visiwa viwili ndugu, serikali moja, karafuu zile zile, halafu mijusi mbalimbali. Sababu ni kina cha maji.

Mkondo wa Unguja, ule unaovukwa na boti za Dar es Salaam, si wa kutisha: sehemu kubwa yake ina kina cha mita 30 hadi 50 tu. Miaka 20,000 hivi iliyopita, barafu ilipokuwa imelala juu ya sehemu kubwa za kaskazini mwa dunia, bahari ilishuka kwa mita 120 hivi. Toa 120 katika 50 uone kinachobaki. Unguja ilikuwa kilima cha Bara, na chui, paa na mijusi walikwenda na kurudi kwa miguu. Barafu ikayeyuka, maji yakarudi, njia ikakatika, na tangu hapo hata miaka 12,000 haijatimia. Mkondo wa Pemba ni habari nyingine kabisa. Kina chake hufika mita 700 na kuzidi, kwa hiyo hata bahari iliposhuka namna ile Pemba ilibaki kisiwa. Wanajiolojia wanahesabu kutengana kwake kwa mamilioni ya miaka. Kwa upana, mikondo hii haipishani sana: Unguja iko kilomita 35 hivi kutoka Bara, Pemba 50 hivi. Nahodha anayehesabu maili ataiona karibu sawa. Mjusi asiyejua kuogelea yeye habari yake ni kina.

Nilijaribu kumweleza bi mkubwa. Alisikiliza mpaka niliposema Unguja ilikuwa Bara, akafumba macho. "Hayo usiyaseme Pemba," akanijibu, na akalala.

Wa Unguja nilikuwa nimeanza nao Kizimkazi, kabla ya kupanda boti. Nilifika maji yakipwa, siku za bamvua, bahari inapokwenda mbali na kuacha mwamba wazi. Majabali ya pale ni matumbawe ya kale yaliyoinuka, makali ya kuchana viatu, yaliyoliwa na mawimbi kwa chini hadi yakaning'inia. Kwanza huoni kitu. Halafu kipande cha jiwe kinasogea. Ni mjusi mwembamba, mkia na vyote hazidi sentimita 13, rangi ya kahawia iliyokolea, na michirizi miwili hafifu ya rangi ya shaba kutoka machoni hadi kiunoni. Ni wa ukoo wa mjusi-islamu, yule mwenye magamba laini yanayong'aa tunayemwona akipenya majani makavu uani. Huyu lakini uani haendi. Maisha yake yote yako katika utepe mwembamba wa mwamba kati ya vichaka vya juu na povu la bahari.

Nililala kifudifudi, kidevu juu ya jiwe, nikamfuata mmoja kwa macho. Wimbi lilipojiondoa alishuka mbio hadi kwenye jiwe lililolowa, akaingiza kichwa katika ufa, akatoka na kidudu cha pwani, wale wanaorukaruka chini ya mwani uliooza. Alikitafuna kwa kukigonga mwambani mara mbili. Wimbi jingine likaja. Alikwisha kupanda kabla halijafika, si kwa hofu bali kwa hesabu, kiasi cha shibiri moja tu juu ya pale povu lilipoishia. Likaondoka, akashuka tena. Alifanya hivyo kwa muda mrefu, na sikumwona akiloweshwa hata mara moja. Aliponisogelea niliona jicho lake: halipepesi. Hana kope za kufumba. Jicho limefunikwa na gamba angavu, jinsi lilivyo la nyoka. Mahali penye chumvi, mchanga unaopeperuka na jua lisilo na kivuli, si bure kuwa na ngao ya namna hiyo.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu kivulini alinitazama kwa subira, kisha akasema, "Hao wapo tangu sisi watoto. Maji yakipwa wanateremka, yakijaa wanapanda. Kama sisi wavuvi tu, ila wao hawana deni la tajiri."

Wanasayansi walimpa mjusi huyu jina la kitaalamu la Cryptoblepharus africanus. Aliyemweleza kwanza ni Mjerumani Richard Sternfeld, mwaka 1918, kwa vielelezo vya kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu. Mwaka 1965 watafiti wengine wawili walichapisha walichokikuta tumboni mwake: sehemu kubwa ya chakula chake ilikuwa viumbe wa bahari wa jamii ya kaa na kamba. Mijusi wanaokula baharini ni wachache mno duniani. Kila mtu anamtaja iguana wa Galápagos, yule mkubwa mweusi anayezamia mwani, aliyemchukiza Darwin kwa sura yake mwaka 1835. Huyu wetu hazamii, ni mdogo, hana makala za televisheni, na watalii waliokuja Kizimkazi kutazama pomboo wanamkanyaga kanyaga bila habari.

Ukitaka kumstaajabia hasa, muulize ametoka wapi. Bara la Afrika halina ndugu zake. Ukiondoka ukanda wa pwani ukaingia ndani hata kilomita moja, hakuna. Jamaa zake wako Madagaska, Komoro na Morisi; kisha unakuja upana mkubwa wa bahari tupu, na ng'ambo yake unawakuta tena Indonesia, Australia na visiwa vya Pasifiki mpaka Rapa Nui, upande wa kuelekea Amerika. India hawako, Arabuni hawako. Kama wangekuja kwa kufuata nchi kavu, wangeacha watoto njiani. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti uliolinganisha vinasaba vya hawa wa Bahari ya Hindi magharibi, na ushahidi ukaelekea kule kule ambako ramani ilikuwa ikielekeza: asili yao ni mashariki, upande wa Australia na Indonesia, na walivuka.

Walivuka kwa chombo gani? Gogo, pengine, au fungu la mimea lililong'olewa na mafuriko likasukumwa baharini. Zamani wataalamu wengi walilicheka wazo hili. Kisha mwezi wa Oktoba 1995, baada ya vimbunga viwili kupita Karibi, wavuvi wa kisiwa cha Anguilla waliona magogo na miti iliyong'oka ikitua ufukweni, na juu yake wamo iguana wa kijani, wasiopungua 15, mnyama ambaye kisiwani hapo hakuwako kabla. Baadaye walionekana wakizaliana. Basi ikiwa iguana mwenye uzito wa kuku anaweza, mjusi mwepesi aliyezoea chumvi, anayetaga mayai yake katika nyufa, ana nafasi kubwa zaidi. Na muda alikuwa nao, maana abiria mmoja aliyefaulu katika maelfu ya miaka anatosha kuanzisha ukoo.

Kwa huyu, basi, bahari ni njia. Ndiyo maana kina cha mkondo hakimsumbui: yuko Unguja, yuko Pemba, yuko Mombasa, na kote ni yule yule. Lakini kule Komoro, ambako visiwa vimetengana vyema na vimeinuka kutoka kilindini, kila kisiwa kilipata mijusi wake wa jabali wenye rangi yao, hata wataalamu wakawapa majina tofauti. Wa Ngazidja, kisiwa cha volkano chenye mawe meusi, ni mweusi.

Boti ilitia nanga Mkoani jua likiwa kali. Bi mkubwa aliamka, akafunga khanga, akanipa mkate mmoja "wa kuwapa mijusi wako", akashuka akicheka. Njia ya Mkoani hadi Chake Chake inapanda na kushuka vilima visivyoisha. Unguja ni tambarare ukiilinganisha. Ulikuwa msimu, na kandokando ya barabara karafuu zilianikwa juu ya mikeka, harufu yake ikiingia madirishani mwa daladala na kushinda hata moshi wa dizeli. Kondakta aliponiuliza nashukia wapi nilimwambia penye migomba. Abiria walicheka. Pemba nzima ina migomba.

Nilishuka kijiji kimoja kabla ya Chake, nikabisha hodi kwa mwenye shamba, nikamweleza. Alikuwa mtu wa makamo, amevaa shati la kazi lililojaa utomvu. "Mwataka yule wa kijani? Ngojeni jua lipande. Asubuhi wavivu wale." Akanipa kigoda na kikombe cha chai ya mchaichai, akaendelea na kazi yake. Baada ya muda, kwenye bua la mgomba lililokuwa tupu nilipokaa, pakawa na mjusi.

Nimeona picha zake nyingi, hazisemi kweli. Kijani chake hakina mfano katika majani ya mgomba, ni kikali zaidi, kimekolea mwili mzima bila madoa mekundu wanayojipamba nayo jamaa zake wa Madagaska. Huyu ni Phelsuma parkeri, mjusi wa mchana wa Pemba, na dunia nzima nyumbani kwake ni hapa. Kwa nasaba ni wa kundi la mjusi kafiri, yule wa ukutani, lakini amegeuza ratiba: mwenzake hutoka usiku, yeye hutoka jua likiwaka. Hata jicho lake limegeuka. Mboni ya mjusi kafiri mchana ni ufa mwembamba uliosimama. Ya huyu ni duara. Nilimkaribia nikaona vidole: vipana kwenye ncha, na chini yake vibamba vinavyomwezesha kutembea juu ya jani laini kichwa chini miguu juu. Alipanda hadi kwenye ua la mgomba, akanyoosha ulimi akalamba utamu wake mara kadhaa, kisha akaupitisha ulimi ule ule juu ya jicho lake kulisafisha. Hana kope huyu naye.

Alikuwa jike. Nilijua kwa vifuko viwili vyeupe vilivyovimba pande zote za shingo, mtu angedhani anaumwa matubwitubwi. Ni akiba ya chokaa. Mayai ya mijusi hawa yana ganda gumu, na jike hujiwekea malighafi mapema shingoni, kisha huitumia anapotengeneza mayai yake mawili. Ardhi ya visiwa vingi ni maskini, na mwenye akiba hutaga mwenzake akingoja.

"Na huyu hamumpigi?" nilimuuliza mwenye shamba. Utotoni sisi tulifundishwa kuwapiga mijusi kafiri kwa fagio, kwa kisa cha kuupuliza moto wa Nabii Ibrahim.

"Wa kijani? Huyu hana kesi," akasema. "Yeye anakula wadudu wangu, anakunywa asali ya mgomba, basi. Kesi anayo yule wa ndani."

Sayansi ilichelewa kumfahamu. Pemba ilikuwa na meli za kila taifa kwa karne nyingi, lakini mjusi huyu alipewa jina la kitaalamu mwaka 1941 tu, na Arthur Loveridge, Mwingereza aliyefanya kazi Afrika Mashariki kabla ya kwenda kuwa mtunza wanyama watambaao katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Harvard. Katika andiko hilo hilo alieleza viumbe wengine watatu wa Pemba: mjusi mdogo Lygodactylus pakenhami, nyoka mwembamba wa ardhini na chura. Pakenham alikuwa afisa wa serikali ya kikoloni Zanzibar mwenye mapenzi ya wanyama. Jina lake limebaki katika mjusi na chura. La aliyekuwa akimwonyesha mijusi hao walipo halimo popote. Huwa halimo.

Lygodactylus wanastahili neno moja. Ni wadogo, mtu mzima wao hatoshi kufunika kidole chako cha kati, na mbali na vidole vya kunatia, ncha ya mkia nayo ina vibamba vya kunatia, kwa hiyo anatembea na mguu wa tano. Ukikaa chini ya mwembe Mombasa au Tanga utamwona jamaa yake dume, kichwa cha njano chenye mistari myeusi, akitikisa shingo kumfukuza mwenzake. Pemba nilimtafuta wake katika minazi na mikarafuu, na nilipompata alikuwa wa kijivu, mwepesi, na hakunipa nafasi ya zaidi ya hapo.

Nikapita Wete kununua halua, maana kuifika Wete bila halua ni dharau, kisha nikaenda Konde, na kutoka Konde kwa bodaboda hadi Ngezi. Msitu wa Ngezi uko kaskazini magharibi mwa kisiwa, mabaki ya msitu uliofunika sehemu kubwa ya Pemba kabla ya karafuu. Muongozaji, kijana msomi mwenye darubini ya zamani shingoni, alikuwa amezoea wageni wa ndege: wanataka ninga, wanataka bundi wa Pemba, wanaondoka. Mijusi walimfurahisha.

Alianza na mti. Alinisimamisha mbele ya mpapindi, mnazi mwembamba wa msituni wenye pete pete katika shina. Mpapindi ni wa Pemba peke yake, na ukoo wake wote uko Madagaska na Komoro. Bara hauna ndugu. Kisha tukawasikia popo kabla ya kuwaona, wale wakubwa wanaokula matunda, wamening'inia juu kabisa wakigombana kwa sauti za watu. Popo wa Pemba naye ni wa kundi la Pteropus, lililotawanyika kutoka Pasifiki na Asia hadi Madagaska na Komoro. Afrika wamefika Pemba na Mafia, na Bara hawamo. Baada ya hapo mjusi wa kijani akawa shahidi wa tatu: jamii ya Phelsuma ina spishi zaidi ya 50, wengi wao Madagaska, wengine Komoro, Shelisheli, Morisi na Reunion, na mmoja amefika mbali hadi visiwa vya Andaman.

Mti, popo na mjusi, wote wanaelekeza kidole kusini mashariki. Na ukiitazama ramani ya mikondo ya bahari unaona kwa nini. Mkondo wa Ikweta wa Kusini unakuja kutoka mashariki, unazunguka kichwa cha kaskazini cha Madagaska, unagonga pwani ya Afrika karibu na Rasi Delgado, halafu sehemu yake inageuka kaskazini na kupita Mafia, Unguja na Pemba. Gogo lililodondoka Madagaska au Komoro likibahatika, huku ndiko linakoletwa. Popo hakuhitaji gogo, bila shaka. Pemba basi ina milango miwili: wa magharibi, unaotazama Tanga, ulifungwa zamani sana kwa sababu ya kina, wa kusini mashariki haujafungwa, ila hufunguka kwa nadra mno. Anayeingia kwa mlango huo anakaa peke yake muda mrefu, na anayekaa peke yake muda mrefu anageuka.

Muda gani, hasa? Muongozaji aliniuliza hilo tukiwa tunatoka msituni kuelekea Vumawimbi, na nilimsimulia kisa cha Kroatia. Mwaka 1971 watafiti walichukua jozi tano za mijusi kutoka kisiwa kidogo cha Pod Kopište katika bahari ya Adriatiki, wakawaachia kisiwa jirani cha Pod Mrčaru. Hali za nchi zikawazuia wataalamu kufuatilia. Waliporudi kuanzia 2004 wakakuta uzao wa wale kumi umejaa kisiwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yaliwashangaza wengi: vichwa vimekuwa vikubwa, meno yanauma kwa nguvu zaidi, chakula kimegeuka kutoka wadudu kuwa majani kwa wingi, na ndani ya utumbo mmetokea vizuizi vya nyama vinavyopunguza mwendo wa chakula ili majani yapate kumeng'enywa. Miaka 36 tu.

"Basi Unguja miaka yote hiyo elfu kumi wamekaa bure?" akauliza.

Hapana. Umbo hugeuka upesi. Kuwa jamii mbali ni shughuli nyingine, nayo inataka mlango ubaki umefungwa. Wa Unguja haukubaki umefungwa. Tangu watu wajue kuunda vyombo, majahazi yamekuwa yakipeleka na kurudisha boriti, makuti, migomba, mbao na mikeka, na ndani ya kila mzigo kuna nafasi ya mjusi. Damu inachanganyika kila msimu wa kaskazi na kusi. Kwa maoni yangu, mabaharia wa Kiswahili wamechangia katika historia ya mijusi wa pwani hii kuliko vimbunga vyote, na hakuna aliyewaandika.

Ushahidi nilikuwa nao usiku uliopita, katika nyumba ya wageni Chake, kuzunguka taa ya kibarazani. Mijusi kafiri wanne walikuwa wakigombea nondo. Jina la kitaalamu la huyu wa kwetu, Hemidactylus mabouia, lilitolewa mwaka 1818 kwa vielelezo vya Karibi. Nyumbani kwake ni Afrika, lakini Wazungu walimtambua kwanza ng'ambo ya Atlantiki, akiwa amekwisha kuwa mwenyeji huko, na leo yuko Brazil, yuko Florida. Kwa muda mrefu wataalamu wamehusisha kuvuka kwake na meli zilizobeba watumwa.

Vumawimbi tuliikuta tupu, mchanga mweupe na mawimbi. Tuliufuata ufuo kuelekea Ras Kigomasha mpaka mchanga ukaisha na mwamba ukaanza. Maji yalikuwa yakijaa. Juu ya jiwe la kwanza lililolowa alikuwapo mjusi wa kahawia mwenye michirizi ya shaba, akipanda shibiri moja juu ya povu, akishuka. Hatua chache nyuma yetu, kwenye mnazi wa ukingoni, alikuwapo wa kijani. Muongozaji alisema amepita hapo mara nyingi na hakuwahi kuwaweka pamoja kichwani: mmoja ana jamaa hadi Pasifiki, mwenzake nje ya kisiwa hiki hapatikani kabisa.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Mwamba wa Kizimkazi ukipoteza mijusi wake kwa sababu yoyote, watarudi kutoka jirani. Wa Pemba wakitoweka hakuna wa kurudi. Na visiwa hupoteza upesi. Rodrigues, mashariki ya Morisi, palikuwa na Phelsuma mkubwa kuliko wote waliojulikana. Hayuko tena tangu karne ya 19. Kisiwa cha Christmas, kusini ya Java, kilikuwa na mjusi wa jamii ya huyu wetu wa jabali, mwenye mkia wa buluu, aliyekuwa tele hadi bustanini. Katika miaka ya 1980 akaingia nyoka mgeni kutoka Asia, pengine katika shehena. Kufikia 2010 mijusi hao walikuwa wamekwisha porini; waliobaki ni wale waliokamatwa mapema wakazalishwa kizimbani. Mwenzao wa kisiwa hicho hicho, mjusi wa msituni, hakubahatika: wa mwisho, jike, alikufa kizimbani mwezi wa Mei 2014.

Pemba leo ina bandari Mkoani na Wete, na majahazi na boti zinashusha mizigo mingi kuliko zamani. Unguja tayari ina somo lake: kunguru wa Kihindi, walioletwa katika miaka ya 1890, wanaokula mayai, makinda na mijusi mpaka leo, na hakuna aliyeweza kuwamaliza. Biashara ya Phelsuma wote iko chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES tangu miaka ya 1970, kwa hiyo mwenye kuwakamata kuwauzia wageni bila kibali anavunja sheria. Ila hatari ninayoiogopa zaidi haina soko wala bei. Ni panya, nyoka au mjusi mgeni aliyejificha ndani ya gunia.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenye mizigo, mabaharia na makuli wa njia hii: miche ya migomba ikung'utwe kabla ya kupakiwa, mbao na makuti yakaguliwe, na ukimkuta kiumbe yeyote ndani ya shehena upande wa Pemba, usimwachie kwa huruma akimbilie mashambani. Muue au mrudishe alikotoka.